FILAMU INAWEZA KUSUBIRI: Historia ya foleni iliyo ndani ya ruta yako

1/10

Wiki hii naweka pembeni presha na sukari. Kuna swali naulizwa sana, nyumbani na kazini, hasa tangu watu waanze kufunga intaneti ya nyumba nzima badala ya kila mtu kuhangaika na bando lake: "Kwenye ruta yangu kuna sehemu imeandikwa QoS, nasikia ni ya kutoa kipaumbele. Niiwashe, niipe TV nafasi ya kwanza, ili filamu zisikatekate?"

Utasema nesi na ruta wapi na wapi. Ndugu yangu, hili ni swali la foleni, na mimi nimeajiriwa kwenye foleni. Hizo herufi QoS maana yake ni ubora wa huduma, na kazi yake ndani ya ruta ni moja tu: kuamua nani apite kwanza pale ambapo wote hawawezi kupita pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya mapokezi ya dharura kila siku ya Mungu.

Jibu langu kwa kifupi: ukitoa kipaumbele kwa ajili ya filamu, mara nyingi unampa kitanda cha dharura mtu ambaye angeweza kabisa kukaa kwenye benchi. Yule aliyehitaji kitanda anabaki nje, na kwenye nyumba nyingi huyo ni mtu aliye kwenye simu au mtoto aliye darasani mtandaoni.

Kwa nini nasema hivyo? Jibu refu lina historia ya zaidi ya miaka 60. Nimeikata vipande kumi. Kaa mkao wa kusoma.

2/10

Tuanzie vitani, kabla ya kompyuta kuwepo.

Dominique Jean Larrey alikuwa daktari wa upasuaji kwenye majeshi ya Napoleon. Zama hizo cheo kilikuwa na nguvu hata mbele ya kisu cha daktari. Larrey akashikilia kanuni nyingine: anatibiwa kwanza aliyeumia vibaya zaidi, bila kuangalia cheo chake wala taifa lake. Neno triaji tunalotumia hospitali limetoka kwenye Kifaransa, kwenye kitenzi chenye maana ya kuchambua.

Leo Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuwapokea watoto wagonjwa kwa makundi matatu: dharura, kipaumbele, na wanaoweza kusubiri. Mtoto anayehangaika kupumua au aliye kwenye degedege haulizwi kadi, anapita moja kwa moja. Mwenye vipele na anacheza na viatu vya mama yake, atasubiri.

Sasa angalia kipimo chenyewe. Hatuulizi nani kaja na gari, nani anapaza sauti, wala nani ana mizigo mingi. Tunauliza: huyu akisubiri, nini kitampata?

Na jambo la pili, ambalo watu hulisahau: triaji haiongezi daktari hata mmoja. Haiongezi kitanda wala dripu. Siku isiyo na foleni, triaji haina kazi kubwa. Inapanga tu maumivu ya kusubiri yamwangukie nani.

Shika hayo mawili. Yote yanayofuata ni hayo hayo, ila kwenye nyaya.

3/10

Simu za zamani zilikuwa zinakupa njia yako peke yako. Ukishaunganishwa, waya ni wako tangu haloo mpaka unakata, hata kama mmenyamaza wote wawili. Hakuna kubanana barabarani, ila pia ni ubadhirifu mkubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paul Baran wa taasisi ya utafiti ya RAND huko Marekani alitafuta mawasiliano yatakayoendelea hata vita vya nyuklia vikibomoa sehemu ya mtandao. Wazo lake: kata ujumbe vipande vidogo, kila kipande kijitafutie njia, vikutane mwisho wa safari. Uingereza, Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia akafikia wazo hilo hilo kivyake, na ndiye aliyevipa vipande hivyo jina la pakiti. Mwaka 1969 mtandao wa ARPANET ukaanza kazi kwa mtindo huo.

Faida yake, wote mnatumia barabara moja. Hasara yake, mkifika wengi kwa pamoja mnapanga foleni. Na foleni ikishakuwepo, lazima aje mtu aseme "mimi kwanza".

Jeshi la Marekani lilikuwa na mtandao wake wa simu, AUTOVON, wenye simu za vitufe vya ziada vya P, I, F na FO. Hayo ni madaraja. Njia zikijaa, mwenye daraja la juu anabonyeza, na mazungumzo ya mwenye daraja la chini yanakatwa katikati ili apishe.

Septemba 1981 ikatoka RFC 791, waraka unaoeleza pakiti ya intaneti iweje, mhariri akiwa Jon Postel. Kwenye kichwa cha kila pakiti waliweka biti 8 za aina ya huduma. Biti 3 kati ya hizo zilikuwa za madaraja, na majina ya madaraja hayo ni ya kijeshi kama yale ya kwenye simu.

Kwa hiyo kipaumbele hakikuletwa na wauza ruta. Kilizaliwa pamoja na intaneti, tena kilizaliwa kimevaa cheo.

4/10

Oktoba 1986 foleni ikaua njia.

Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni umbali usiofika mita 400. Unatembea kwa miguu dakika chache tu. Mtandao kati ya sehemu hizo mbili ulishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Si elfu arobaini. Arobaini.

Nyaya hazikukatika. Kompyuta zilikuwa zinatuma pakiti, hazipati jibu haraka, zinadhani zimepotea, zinatuma tena. Ni kama wagonjwa wanaoona foleni haisogei, kila mmoja akarudi dirishani kukata kadi ya pili na ya tatu. Dirisha linajaa kadi za watu wale wale, na hakuna anayetibiwa.

Mtu mmoja alikuwa ameonya. John Nagle, Januari 1984, aliandika kwamba mtandao wa aina hii unaweza kuporomoka kwa msongamano. Desemba 1985 akaandika tena, RFC 970, akauliza swali zuri sana: tukiipa mashine ya kupokezana pakiti kumbukumbu isiyo na mwisho, tatizo litaisha? Akaonesha kwamba haliishi. Pakiti ina muda wake wa kuishi. Chumba cha kusubiria kikiwa kikubwa mno, anayefika mbele ya daktari anakuwa amechelewa tayari. Kuongeza mabenchi si kuongeza matibabu.

Dawa aliyopendekeza: usiwe na foleni moja. Kila mtumaji awe na foleni yake, na mashine ichukue moja moja kwa zamu. Mwenye pupa akileta pakiti elfu, anajirefushia foleni yake mwenyewe, jirani hamsikii.

Naye Van Jacobson, kwenye andiko lake la 1988 akiwa na Michael Karels, alizifundisha kompyuta adabu: anza taratibu, ongeza kidogo kidogo, ukiona pakiti zinapotea punguza. Simu yako inafanya hivyo mpaka leo.

5/10

Kipande hiki nakipenda kwa sababu ni triaji kabisa, na ilifanywa kwa siri.

Mwaka 1986 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliunganisha vituo vyake vya kompyuta kubwa kwa mtandao wa NSFNET. Njia zake zilikuwa za biti 56,000 kwa sekunde. Kwa watafiti wa nchi nzima! Haikuchukua muda zikajaa.

Kulikuwa na watumiaji wa aina mbili. Wa kwanza wanahamisha mafaili makubwa. Faili likifika saa nane au saa nane na nusu, hawajali, wameenda kunywa chai. Wa pili wameketi mbele ya kioo wanaandika kwenye kompyuta iliyo mji mwingine, na kila herufi lazima iende na kurudi ndipo waione. Kwa hao kuchelewa kidogo ni mateso.

Wasimamizi wakawapa kipaumbele wale wanaoandika. Mzigo wao ulikuwa mdogo, lakini kusubiri kuliwaumiza. Mwenye mafaili akapishana nao na wala hakuhisi kitu.

Mpango huo haukutangazwa. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa mapokezi: watu wakijua neno gani ukilitamka unapitishwa, wote watalitamka. Foleni ya VIP ndiyo itakuwa ndefu kuliko zote.

Mambo yalikuja kupoa mwaka 1988, zilipofungwa njia za biti milioni 1.5 kwa sekunde. Kipaumbele kiliwavusha kwenye shida, lakini kilichoiondoa shida ni njia pana.

6/10

Baada ya hapo wataalamu wakaota ndoto kubwa: kipaumbele kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, dunia nzima.

Mwaka 1994 ikaja RFC 1633, mpango wa kuweka nafasi. Kabla hujaanza kutuma picha au sauti, unaziomba ruta zote za njiani zikutunzie nafasi yako. Kwenye karatasi ulipendeza. Tatizo, ruta za njia kuu zingelazimika kukumbuka maombi ya kila mtu, na watu ni mamilioni. Haukuenea kwenye intaneti ya wote.

Desemba 1998 wakaja na mpango mwepesi zaidi, RFC 2474 na 2475: pakiti ibandikwe alama tu, na kila mtandao uamue alama hiyo inamaanisha nini kwake. Ndani ya kampuni au benki yenye nyaya zake, mpango huu unafanya kazi vizuri mpaka leo. Ila pakiti ikitoka kwenda mtandao wa mtu mwingine, mara nyingi alama haizingatiwi, au inafutwa kabisa. Ni sawa na kumwandikia mgonjwa "dharura" kwenye kadi ya zahanati yako, halafu anakokwenda wana kadi zao.

Hapa ndipo ruta yako inapoingia. Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilitoa WRT54G, ile ya bluu na nyeusi yenye antena mbili. Mwaka uliofuata ikabidi iachie msimbo wa programu zake kwa sababu ulitumia Linux, na kutokana na huo ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Vijana wenye udadisi wakaanza kuchezea foleni za nyumbani kwao, na menyu ya QoS ikawa kitu cha kawaida kwenye boksi la dukani.

Lakini elewa mpaka wake. Ruta yako inapanga foleni ya mlangoni kwako tu. Kinachotoka kwako kwenda nje, inakimudu moja kwa moja. Kinachokuja kwako, foleni yake huwa imeshajipanga upande wa mtoa huduma kabla hakijakufikia, na filamu ni kitu kinachokuja. Ruta inaweza kuibana kwa kuzunguka tu: inajiwekea kikomo chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni ihamie kwake ambako inaweza kuipanga.

7/10

Sasa filamu yenyewe. Huyu mgonjwa ana historia yake, na watu wengi hawajui kwamba alishajifunza kusubiri.

Mwaka 1995 ilitoka RealAudio, watu wakaanza kusikiliza sauti mtandaoni bila kupakua faili zima kwanza. Laini zilikuwa za modemu, za kuyumba. Ujanja ukawa kuweka akiba: programu inameza sekunde kadhaa za mbele kabla ya kuanza, mtandao ukijikwaa inakula akiba. Akiba ikiisha, ndiyo kile kiduara kinazunguka.

Netflix ilianza kuonesha filamu mtandaoni mwaka 2007. Mwaka 2009 Apple walitoa mtindo wao wa HLS, na 2012 kikatoka kiwango cha kimataifa cha MPEG-DASH. Wazo ni moja: filamu inakatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande kinatengenezwa kwa ubora tofauti tofauti. TV yako inapima kasi iliyopo. Ikiwa nzuri inaomba kipande cha ubora wa juu, ikipungua inaomba cha chini, huku akiba ya mbele inaendelea kujazwa. Ndiyo maana picha inaweza kufifia kidogo halafu ikarudi, na hadithi inaendelea.

Linganisha na simu ya sauti au ya video. Simu haiwezi kuweka akiba, kwa sababu neno halijasemwa bado. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, kwenye mwongozo wake wa G.114, linasema sauti ikifika ndani ya milisekunde 150 mazungumzo mengi yanakuwa sawa, na isipite 400. Zaidi ya hapo mnaanza kukatizana: "Haloo? Wewe sema. Hapana, sema wewe."

Mzigo wao sasa. Netflix wanashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa filamu ya ubora wa 1080p. Simu ya sauti inatosheka na takriban megabiti 0.1. Filamu moja ni sawa na simu hamsini.

Unaona? Mwenye mzigo mkubwa ndiye mwenye subira. Filamu ni mgonjwa aliyekuja na mkeka, chupa ya chai na chakula cha mchana. Simu imeletwa mikononi.

Kabumbu la moja kwa moja liko katikati, maana akiba yake ni ndogo. Hata hivyo ina sekunde kadhaa, na sekunde kadhaa ni utajiri mkubwa ukilinganisha na milisekunde 150.

8/10

Turudi kwa Nagle na mabenchi yake.

Miaka ilivyokwenda, kumbukumbu za kielektroniki zikawa bei ya karanga. Watengenezaji wa ruta na modemu wakajaza kumbukumbu kubwa kwenye kila kifaa, kwa nia njema, ili pakiti zisipotee. Onyo la 1985 likasahaulika.

Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi mzoefu aliyekuwa Bell Labs, alikuwa nyumbani anapandisha mafaili kwenda kazini. Familia ikalalamika mtandao umekufa. Akapima. Kasi ipo, ila pakiti zinachukua zaidi ya sekunde nzima kwenda na kurudi. Zilikuwa zimekaa kwenye foleni ndefu ndani ya modemu. Hali hiyo akaipa jina la Kiingereza lenye maana ya kuvimba kwa akiba. Mimi naiita uvimbe wa foleni, maana kwa nje kifaa kinaonekana kizima na vipimo vya kasi vinasoma vizuri.

Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, yule yule wa 1988, wakaleta dawa iitwayo CoDel. Haihesabu pakiti ngapi ziko kwenye foleni. Inaangalia pakiti imesubiri muda gani. Kama kusubiri kunazidi milisekunde 5 na hali inaendelea hivyo kwa milisekunde 100, inaanza kuangusha pakiti moja moja kwa makusudi. Mtumaji akiona pakiti imepotea anapunguza mwendo, kama Jacobson alivyomfundisha, na foleni inapungua.

Mwaka huo huo Eric Dumazet akaichanganya na wazo la foleni za zamu ndani ya Linux. Ikaitwa fq_codel, na Januari 2018 ikaandikwa rasmi kuwa RFC 8290. Dave Täht na wenzake wa kujitolea walihangaika miaka mingi kuifikisha kwenye ruta za kawaida.

Uzuri wake: hakuna haja ya kuteua VIP. Simu inaleta pakiti chache, foleni yake haijai, inapita haraka. Filamu inaleta nyingi, inangoja zamu, inakula akiba yake. Uhitaji wenyewe unajionesha bila mtu kuuombea.

9/10

Historia ya karibuni imetupa majaribio mawili.

La kwanza, Machi 2020. Corona imefungia watu ndani, Ulaya nzima inafanya kazi, inasoma na inaonana na madaktari kupitia mtandao. Kamishna wa Umoja wa Ulaya, Thierry Breton, akaziomba kampuni za video zipunguze mzigo. Netflix ikapunguza kwa siku 30, karibu asilimia 25 ya mzigo wake kule Ulaya. YouTube nayo ikashusha ubora wa kuanzia. Walipobanwa kweli, hawakusema filamu ipishwe. Filamu ndiyo iliyopisha, na waliokuwa sebuleni waliendelea kuangalia, picha ikiwa na ukungu kidogo tu.

La pili liko kwetu. Kabla ya 2009 intaneti ya pwani hii ilitegemea sana satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi tu ni karibu nusu sekunde, na hakuna mpangilio wa ruta unaoweza kuusogeza mwezi wa bandia karibu. Julai 2009 SEACOM ikaanza kazi, mwaka uliofuata EASSy, kwa nyaya za chini ya bahari. Kuchelewa kukapungua sana.

Halafu 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zikakatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya na majirani tukayumba. Kama siku ile ungewasha kipaumbele kwenye ruta yako, ungepata nini? Hakuna. Foleni ilikuwa baharini, wewe unapanga viti sebuleni.

Ndiyo maana kabla ya kubonyeza chochote, jiulize foleni iko wapi.

10/10

Haya, tufanye triaji ya nyumba yako.

Kwanza pima. Nyumba ikiwa kimya, fungua kipimo cha kasi kinachoonesha pia ucheleweshaji kwa milisekunde. Kisha mtu mmoja apandishe video ndefu, mwingine apakue kitu kikubwa, upime tena. Kama ucheleweshaji haujapanda sana, huna uvimbe wa foleni. Usiguse kitu.

Kama filamu inakwama hata ukiwa peke yako nyumbani, QoS si dawa yako. Hakuna wa kumpisha. Tatizo ni kasi ya laini, Wi-Fi dhaifu au huko nje. Sogeza ruta, toa TV kwenye Wi-Fi uiunge kwa waya, au ongea na mtoa huduma.

Kama simu zinakatika pindi wengine wakianza kutumia, hapo kuna kazi. Tafuta kwenye ruta maneno SQM, fq_codel au CAKE. Washa, weka kikomo cha kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, kupakua na kupandisha. Kwa ruta za laini ya simu, kasi inapanda na kushuka, kwa hiyo tumia kipimo cha jioni, wakati wa msongamano, si cha alfajiri.

Kama ruta yako ina QoS ya kizamani tu, ya kuchagua kifaa, weka juu simu za mazungumzo na kompyuta ya masomo. TV ibaki kawaida. Usiweke kila kitu juu, utarudi kwenye foleni ya VIP. Anayepakua mafaili usiku kucha, huyo mshushe. Ukiona kila kitu kimekuwa kizito baada ya kuwasha, zima: ruta nyingine za bei nafuu hazina nguvu ya kukagua kila pakiti.

Mpangilio wa WMM kwenye Wi-Fi uache umewashwa. Huo tayari unatenganisha sauti, video na mengine hewani.

Sasa lililonifanya niandike yote haya. Kwenye nyumba nyingi nywila ya ruta iko kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye mwenye rimoti. Akisikia neno kipaumbele anafikiria sebule. Wakati huo kuna binti chumbani anafanya mtihani wa chuo mtandaoni na ukurasa hautumi. Kuna bibi anaongea na mwanawe aliyeko Muscat, anasikia nusu ya maneno anaitikia tu ndiyo, ndiyo. Kuna mgonjwa anamweleza daktari kwa simu maumivu yalipoanzia, sauti inakatika kwenye neno "kifua".

Hao hawapigi kelele. Anayeumia kwa kusubiri mara nyingi hana nguvu ya kupiga kelele, hata wodini ni hivyo. Kwa hiyo mwenye nywila, kabla hujaipa TV nafasi ya kwanza, pita vyumbani uulize nani yuko kwenye simu na nani yuko darasani.

Wiki ijayo narudi kwenye presha. Mliopima na kupata namba, zileteni tuzisome pamoja.